Kikombe cha Mama Rajabu

Mwanangu Somoe,

Nimekosa salamu ya kuanzia, maana asubuhi hii hii tumekula wote muhogo wa kuchemsha, na nusu ya chai yako umeniachia mimi kama kawaida yako. Sasa umekwenda Malolo kumuaga bibi yako. Baba yako yuko uwanjani anakung'uta ufuta, na mimi nimekaa barazani na peni ya mdogo wako. Kesho alfajiri unaondoka Nambilanje kwenda kupanda basi Ruangwa mjini, halafu ndiyo safari ya Singida. Nikisema nikuambie haya kwa mdomo nitalia, na wewe utanicheka, halafu utalia na wewe, na baba yako atatushangaa wote wawili. Kwa hiyo naandika. Uisome ukishapata kiti.

Habari za kufunga begi, za kuweka simu mfuko wa ndani, za kutokula vya barabarani, sitaziandika. Tangu urudi kutoka chuo ni wewe unayenielekeza mimi mambo hayo.

Ninachotaka kusema ni kuhusu lile neno lako la juzi. Ulikuwa unajaribu fulana ya shirika lako jipya, unajigeuza mbele ya kioo, na kwa kweli ilikupendeza. Ukaniambia kazi yako itakuwa kuzunguka vijijini kuwaangalia kina mama na watoto wanaosaidiwa kwa ruzuku, kuona fedha za wafadhili zimefanya nini. Halafu ukasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba mmekatazwa kula kwa watu. Msipokee kitu, hata yai. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Nikasimama na ungo mkononi nikakuuliza, "Hata maji?" Ukacheka, ukasema, "Maji hayamo kwenye sheria, Mama." Ukaenda kuoga.

Tangu juzi nalifikiria neno hilo. Sheria yenyewe siidharau. Nimewaona watu waliokuja vijijini na magari wakala kuku wa wajane hadi uwanja ukabaki kimya, na mjane akabaki anasubiri msaada ambao haukuja. Aliyeitunga sheria hiyo alikuwa na akili. Lakini nakufikiria wewe, umekaa kwenye mkeka wa mama wa watu kule Singida, sahani iko mbele yako, na yeye anakutazama mkono. Nakuogopea hapo zaidi ya ninavyoogopa lile basi.

Kisa cha mbuzi aliyeliwa na mgeni unakijua. Kila harusi baba yako akishiba anakisimulia, watu wanajishika mbavu. Ila kwa baba yako kisa kinaishia kwenye kicheko. Mimi nataka nikupe na kile kipande anachokiacha.

Ulipokuwa na mwaka na nusu hukuwa unasimama. Nikikuweka chini unabaki pale pale nilipokuweka. Nywele zako zilibadilika rangi zikawa kama nyuzi za mahindi, miguu ikavimba, na ukaacha kulia. Mwanangu, mtoto anayelia usiku kucha anachosha, lakini mtoto aliyeacha kulia anatisha. Na watu wakaanza kunong'ona kwamba umebemendwa. Yaani mimi na baba yako tumeshindwa kuvumilia wakati unanyonya, mmoja wetu ametoka nje, na dhambi yetu imekushukia wewe. Baba yako aliacha kukaa na wenzake baada ya swala. Akitoa salamu ya mwisho tu, anachukua kandambili zake anarudi nyumbani.

Na mimi nikakuficha. Siku ya kliniki nilifunga mlango kana kwamba nimekwenda shamba, tukakaa ndani kimya wewe na mimi, nasikia wenzangu wanapita na watoto wao mgongoni. Niliona bora ufe kwa siri kuliko upimwe mbele za watu. Nimeliandika neno hilo na mkono wangu umesimama, lakini ndivyo ilivyokuwa, na ninataka ulijue kwa sababu huko uendako utabisha hodi milango iliyofungwa namna hiyo.

Aliyebisha hodi kwetu alikuwa dada mmoja mnene, mcheshi, mzaliwa wa Tukuyu, anaitwa Tusekile. Alikuwa mtu wa shirika lililokuja na mradi wa watoto wasiokua vizuri. Alikuja na mhudumu wa afya wa hapa kijijini, na huyo mhudumu alishajua kwamba nipo ndani. Tusekile hakuuliza nani alitoka nje na nani. Alikubeba, akakubonyeza mguu kwa kidole, akatazama lile shimo linalobaki. Akasema, "Huyu amekosa chakula cha kumjenga, mama. Hakuna aliyemkosea." Nililia hadi shungi langu likalowa. Muda wote ule nilikuwa natafuta dhambi, kumbe kilichokosekana ni maziwa.

Ndipo mbuzi wakaja. Walikuja kwenye lori, wa kahawia, masikio yamesimama, na usoni wana mistari miwili myeupe kuanzia juu ya macho hadi mdomoni. Walipewa kina mama waliokuwa na watoto kama wewe, mmoja mmoja. Masharti yalikuwa mepesi: ulishe, ukamue, mtoto anywe, na mtoto wa kwanza jike wa mbuzi wako umpe mama mwingine mwenye shida. Kijiji kilicheka wiki nzima. Sisi huku kwetu mbuzi ni wa kuchinjwa Idd, nani aliwahi kumshika mbuzi chuchu? Wakasema utaota pembe. Wakasema nikikuita utaitika "mee." Siku ya kwanza nilikamua, nikapigwa teke, maziwa yakaenda kwenye majivu, na baba yako badala ya kunisaidia akakaa chini kucheka. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ulipoanza kuumwa.

Kabla ya kutugawia, Tusekile alituita mkutanoni atueleze ruzuku ni nini. Akasema kuna watu wanachanga, wengine nchi za mbali, wengine hapa hapa Tanzania, kila mtu alicho nacho, fedha hizo zinakusanywa na kupewa shirika, na shirika ndilo linanunua mbuzi, linafundisha kina mama, linapima watoto. Kaka yangu Mfaume, Mungu amrehemu, akainuka. Unajua kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na mjomba wako hakuwa mtu wa kuliacha neno lake nyumbani.

"Hao watu wanatujua?" akauliza.

"Hawawajui."

"Watakuja kutuona?"

"Wengi wao hawatafika."

"Sasa wanapata nini?"

"Wanapelekewa taarifa," akasema Tusekile.

"Taarifa inaliwa?"

Watu wakacheka, lakini mjomba wako hakucheka. Alikaa chini akiwa amekunja uso. Jioni alikuja hapa barazani akaniambia, "Somoe atanyonyeshwa na ntu asiyemjua jina. Hii kitu kubwa, dada yangu. Hii kitu kubwa sana." Alirudia hivyo hivyo hadi alipoondoka. Mimi nilikuwa na haraka ya kupika nikaona anarefusha mambo. Leo ninapoandika naona ni yeye peke yake aliyeelewa siku ile.

Maziwa yale yalifanya kazi, Somoe. Kwanza ulianza kulia. Nilikipokea kile kilio chako kama adhana. Halafu uvimbe ukashuka, halafu asubuhi moja nilikuwa nafagia nikageuka nikakukuta umeshika nguzo ya banda, umesimama, unamtazama mbuzi na mbuzi anakutazama. Ufagio ulinidondoka. Nilitaka kuita watu, nikabaki nimeziba mdomo kwa mikono miwili.

Mwezi wa pili mwaka huo ulikuwa mbaya. Mihogo imekwisha, mahindi bado mabichi, na mdondo ulikuwa umepita ukafagia kuku wa kijiji chote. Ndipo ikaja habari kwamba Tusekile anakuja kutukagua. Sasa fikiria. Watu waliotupa hawafikiki, hatuna pa kuwapelekea hata embe. Anayefika ni huyu mmoja tu. Na huyu mmoja tumwache aondoke Nambilanje na mdomo mkavu? Wazee wakakaa. Mjomba wako akasema kama wale wengine hawaji, basi huyu atakula kwa niaba yao. Na kijiji kizima nyama ilikuwa moja tu, ile yenye mistari miwili usoni.

Baba yako anaposimulia husema mjomba alikuja akamfungua mbuzi, mimi nikagaragara chini. Si kweli. Mjomba wako alipita nyumba zote za mradi akaona mbuzi wangu ndiye aliyenenepa, akaja akasimama pale kwenye mlango, hakugusa kamba. Kamba nilimpa mimi. Nilitoa kwa mkono wangu mwenyewe na kifua kimejaa. Mwanamke aliyesemwa kijiji kizima, aliyejifungia ndani siku ya kliniki, leo anamlisha mgeni wa watu wote! Nilinyoosha shingo siku ile. Wala sikujiuliza jioni utakunywa nini, na nakuapia hakuna mtu kijijini aliyejiuliza. Tulikuwa tunashukuru. Akili yetu yote ilikuwa huko.

Tusekile alikula vizuri. Alikaa mkekani na kina mama, akasifia mchuzi, akamumunya mfupa, mjomba wako akawa anamwongezea yeye mwenyewe. Alipomaliza akanawa, akachukua kalamu yake, akasema haya, sasa twende nyumba kwa nyumba tukawaone mbuzi. Akaanza na kwangu. Akatazama banda tupu, akazunguka nyuma, akarudi.

"Mama Somoe, mbuzi wako yuko malishoni?"

Mjomba wako akasogea mbele, amevaa kanzu yake nyeupe, uso unang'aa kwa furaha.

"Umeshanla, mama," akasema. "Ndiye huyo. Tumekuheshimu."

Hapo ndipo baba yako anapomalizia, na watu wanapiga makofi. Lakini mimi nilikuwepo, na baada ya hapo hakuna aliyecheka. Tusekile alikutazama wewe, umekaa mlangoni unachezea kifuniko cha sufuria. Akauliza taratibu, "Na huyu jioni atakunywa nini?" Somoe, watu wote wale, wazee, kina mama, mwenyekiti, tulitazama chini. Mjomba wako alivua kofia yake akabaki ameishika. Nadhani ndiyo mara ya kwanza wengi wetu kumwona yule mbuzi kuwa ni maziwa.

Hakutukaripia. Angeweza kutufuta kwenye mradi, na tuliingoja hiyo kauli. Alisema tu, "Asanteni, nimekula na nimeshiba," akaenda nyuma ya jiko. Nikamfuata na maji nikidhani anatapika. Nikamkuta anafuta machozi na upande wa khanga.

"Hukujua," nikamwambia.

"Sikuuliza," akanijibu. "Mwezi wa njaa, nimewekewa nyama, sikuuliza imetoka wapi."

Pengine sheria yenu ilitokana na siku kama ile, sijui. Alipanda pikipiki akaondoka, hana mbuzi mwingine wa kutupa, na mimi nikabaki na wewe na jioni inakuja. Kifua changu kile kilichojaa asubuhi kilikuwa kimeanguka chini kabisa. Wakati wa maziwa yako ulipofika ulikwenda mwenyewe, kwa magoti, hadi bandani, ukashika ile nguzo. Ukasimama hapo unangoja. Sitasahau mgongo wako ule mdogo.

Sasa sikia kile kipande. Mama Rajabu na mimi tulikuwa hatusemeshani. Kuku wake walinilia mbegu za ufuta msimu uliotangulia, nikamtukana, akanitukana, na tangu hapo tulikuwa tunapishana njiani kama miti. Na yeye alikuwa kwenye mradi, Rajabu wake alikuwa dhaifu kama wewe, pengine kuzidi. Jioni ile nilisikia hatua uwanjani. Nikamwona anakuja, ameshika kikombe cha bati, kile chenye ua jekundu ubavuni, amekifunika kwa jani la mgomba. Hakubisha hodi wala hakusalimia.

"Shika," akasema. "Usinishukuru. Sijaja kwako, nimekuja kwa ntoto."

Kilikuwa nusu. Nusu nyingine alikuwa amempa Rajabu.

Ulikunywa ukiwa umeshika kile kikombe kwa mikono yote miwili, yeye amesimama hapo hapo anakutazama, na mimi natazama chini. Kesho yake nilijua haji, maana alishatimiza. Kweli hakuja, akaja mama mwingine. Keshokutwa mwingine. Hawakuitisha kikao, hakuna aliyewapangia zamu, wala Tusekile hakujua lolote, alikuwa mbali. Watoto wao nao walikuwa wanakonda kama wewe, na kila jioni mmoja wao anampunja mwanawe kidogo ili wewe ulale umekunywa. Ikaendelea hivyo hadi mbuzi wa Mama Rajabu alipozaa, maziwa yakawatosha Rajabu na wewe, na yule mtoto wa kwanza jike, aliyepaswa kwenda kwa mtu mpya, kina mama wakakubaliana aletwe kwangu. Mjomba wako ndiye aliyemleta, amembeba mabegani.

Mimi nimeishi, mwanangu, nimeona mafuriko, nimeona korosho zikipanda bei watu wakapagawa, nimeona umeme unawaka hapa kwetu. Sijaona kitu kilichonishangaza kama zile jioni. Subhanallah. Mtu wa mbali asiyenijua alitoa, nikastaajabu. Halafu mtu wa karibu aliyenichukia akatoa nusu ya kikombe cha mwanawe.

Mwaka juzi tulikwenda mazikoni Kiegei, kule Nachingwea, wewe ulikuwa chuoni. Njiani nikamwona mama kijana anavuta mbuzi, na mbuzi ana mistari miwili usoni. Nikamsimamisha nikamuuliza amempata wapi. "Nilipewa na mama mmoja wa Malolo," akasema, "na mwanangu akikua kidogo na mimi nitatoa." Hajui habari ya lori wala ya Tusekile. Mgongoni kwake kuna mtoto mashavu yamemjaa hadi macho yamekuwa madogo. Ilibidi nikae ukingoni mwa njia, baba yako akadhani nimeshikwa na kizunguzungu. Nilikuwa nawaza yule aliyetoa wa kwanza. Pengine ni mzee, pengine amekwisha kufa. Pengine alitoa akaona aibu kwamba ni kidogo, akasahau. Natamani ningemvuta mkono nimwonyeshe lile shavu.

Sasa wewe ndiye unayekwenda kuwa Tusekile wa watu, na siwezi kukuambia uvunje sheria ya kazi yako. Umeipata kwa jasho, na mimi nataka ukae nayo. Ila najua yule mama wa Singida atafanya nini utakapomwambia huruhusiwi kupokea chake. Atatabasamu, ataondoa sahani, na mlango wake ndani kwa ndani atakuwa ameufunga. Mimi ningeufunga.

Leo baada ya adhuhuri nilikwenda kwa Mama Rajabu na kile kikombe. Unajua jinsi kilivyobaki kwetu: kwa kawaida yetu chombo cha jirani unakirudisha na kitu ndani, angalau chumvi, na mimi wakati ule sikuwa na hata chumvi. Nikasema kesho, nikasema kesho, na nilipopata cha kuweka akawa ameshaligeuza jambo hilo kuwa utani. Kila Idd ananiuliza mbele ya watu kikombe chake kiko wapi. Nikamwambia leo nimekuja kukuomba, nataka nimpe Somoe. Akakigeuza geuza, akatazama palipobanduka rangi.

"Chombo changu kinapanda basi," akasema, "mimi mwenyewe hata Dodoma sijaiona."

Akaingia ndani. Akakaa sana, nikajua analia, nikamwacha. Alipotoka alikuwa amekijaza ufuta mpya, amekifunika kwa jani, kama siku ile.

Kimo kwenye begi lako, katikati ya nguo, usije ukadhani ni mimi nimekuongezea mzigo. Ufuta utafune njiani. Kikombe kikae kwenye mkoba wako wa kazi. Ukiingia kwa mama na akakuwekea sahani, usimtajie sheria kwanza. Toa kikombe umwombe maji, maana ulisema mwenyewe kwamba maji hayamo. Mwache akisuuze, ajaze, akupe kwa mikono yake, na wewe unywe yote mbele yake, usiache hata tone. Halafu umuulize kile ambacho Tusekile hakuuliza, mtoto wake leo amekula nini, na usiinuke mpaka akujibu.

Nasikia pikipiki. Ni Rajabu anakurudisha kutoka Malolo, na ndiye atakayekupakia kesho, nimemwonya asikimbize. Nakunja karatasi kabla hujaniona. Ila nisisahau, nilipokuwa natoka kwake Mama Rajabu aliniita nikiwa nimeshafika njiani. Akasema, "Nwambie kikombe ni changu bado. Siku akirudi, asikilete kitupu."

Mimi mama yako.